Sura ya Sita: Jumamosi za Hangzhou

Kijana wa Kiafrika akipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo nchini China, barua anayotumiwa huwa imejaa mambo ya kazi: idara atakayokaa, saa za kuingia, posho kama ipo, na nani atampokea uwanja wa ndege. Mwishoni kabisa, chini ya bima na namba ya dharura, huwekwa mstari mmoja unaosema kwamba Jumamosi kutakuwa na shughuli za utamaduni. Wengi huupita mstari huo. Sura hii inauhusu huo tu.

Nitazungumzia mji mmoja, Hangzhou, makao makuu ya jimbo la Zhejiang, kama saa moja hivi kwa treni ya kasi kutoka Shanghai. Ni mji wa makampuni ya biashara ya mtandaoni, hivyo wanagenzi wa kigeni hawakosekani. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata mizigo Yiwu wako jimbo hilo hilo, ingawa wengi wao hawana nafasi hata ya kuliona ziwa. Na ni mji ambao kazi za mikono bado zinafanywa na watu walio hai. UNESCO iliuingiza mwaka 2012 katika mtandao wake wa miji ya ubunifu, upande wa ufundi na sanaa za jadi. Chai ya Longjing hulimwa kwenye vilima vilivyo nyuma ya Ziwa la Magharibi. Brashi za kuandikia zinazosifika nchi nzima hutoka Huzhou, kaskazini kidogo, na kauri za kijani za Longquan hutoka milimani, kusini mwa jimbo. Mtu anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa anaweza kuvifikia vyote kwa siku za mapumziko, bila kuomba ruhusa ya bosi.

Kwanza niseme nisichokipenda. Kuna ile ziara ya alasiri moja ambapo wanagenzi arobaini hupakiwa kwenye basi, huvalishwa majoho ya kale, huandika herufi mbili, hunywa vikombe vitatu vya chai, hukata kipepeo cha karatasi nyekundu, kisha hupiga picha ya pamoja na kurudi bwenini. Siwalaumu waandaaji. Wana basi la kulipia, na chakula cha mchana kinapoa. Lakini aliyerudi kutoka huko hajajifunza kuandika wala kunywa chai. Amejua tu kwamba majoho yanampendeza. Faida yake ni moja, nayo si ndogo: umeonja vitu vinne, na mkono wako umeshajua kipi uliupenda. Jumamosi inayofuata rudi kwenye hicho kimoja, peke yako, bila basi.

Mimi humshauri mtu aanze na brashi, kwa sababu haina msimu na haina gharama kubwa. Mezani kuna vitu vinne: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Wasomi wa zamani waliviita hazina nne za chumba cha kusomea, na kila kimoja kina kwao. Brashi ni za Huzhou, hasa mji mdogo wa Shanlian, za manyoya ya mbuzi, ya sungura au ya kicheche. Karatasi ya Xuan hutoka wilaya ya Jing, jimbo jirani la Anhui, na hutengenezwa kwa gome la mti uitwao qingtan lililochanganywa na mabua ya mpunga. Mwanafunzi hapewi karatasi hiyo. Hupewa ya mianzi, ya manjano, bei rahisi, iliyopigwa miraba. Wino nao huwa wa chupa, kwani kusugua kipande cha masizi na gundi kwenye jiwe lenye maji hadi wino ukolee ni kazi ya mtu asiye na haraka. Vaa shati kuukuu. Wino huo hautoki.

Somo la kwanza ni mstari mmoja wa mlalo, ambao peke yake ndio herufi ya namba moja. Unafikiri ni dakika tano. Brashi hushikwa wima, vidole vikiizunguka na kiganja kikiwa wazi ndani, na kifundo cha mkono hakilali mezani. Ncha hugusa karatasi kisha hurudi kushoto kidogo ili ijifiche ndani ya wino. Ndipo unapoikandamiza, unaivuta kulia ikipanda kidogo sana, unainyanyua, unaikandamiza tena, na kuirudisha ilikotoka. Ukisita kufikiri, karatasi inakunywea wino na doa linatanuka mbele ya macho yako. Ukiharakisha, mstari unakauka katikati na kuacha mikwaruzo myeupe. Kupitia mara ya pili ili kurekebisha ni marufuku, na ukifanya hivyo yeyote anayejua kusoma maandishi hayo atauona wizi wako papo hapo.

Mwalimu huitwa Laoshi, hata kama ni mzee mstaafu aliyejitolea kwenye kituo cha mtaa. Haelezi sana. Anasimama nyuma yako, anaufunika mkono wako kwa wake, na kuandika mstari kupitia kwako, na hapo ndipo unapohisi ni wapi uzito unaingia na wapi unatoka. Mtu mzima mwenye shahada, mkono umeshikwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Halafu Laoshi huchukua wino mwekundu na kuzungushia duara mstari ulioandikwa vizuri. Kuhusu iliyobaki hasemi chochote. Karatasi nzima inaweza kurudi na duara moja, na utashangaa jinsi duara hilo moja linavyokufurahisha.

Baada ya mlalo, wima, nukta na mikunjo, hufuata herufi yong, yenye maana ya milele, ambayo inasemekana inabeba mipigo minane ya msingi. Mapokeo huihusisha na Wang Xizhi, mwandishi aliyekutana na rafiki zake mwaka 353 mahali paitwapo Lanting, karibu na Shaoxing, akaandika dibaji ya mashairi yao. Nakala ya mkono wake mwenyewe ilipotea kitambo. Kinachosomwa leo ni nakala za waliomnakili, na wanafunzi wanazinakili tena nakala hizo. Shaoxing ni karibu sana na Hangzhou kwa treni, na Lanting yenyewe inatembelewa. Mwenye Jumapili isiyo na kazi aende.

Kunakili huku ndiko kunakowaudhi wanagenzi wengi, hasa waliosoma vyuo vinavyohimiza kila mtu awe na mtindo wake. Wanataka kuandika majina yao kwa madaha kabla mlalo haujanyooka. Mtoto wa Pwani aliyepita chuo cha Kurani hataona ajabu. Mwalimu wa chuoni hakuwahi kumwomba mtoto ubunifu kwenye alifu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, kulikuwa na wanakili wa misahafu katika karne ya 18 na ya 19 ambao kazi yao inatunzwa hadi leo, na hao nao walifundishwa hivyo hivyo: nakili, onyesha, nakili tena. Wapo watakaokuambia kwamba brashi itakufunulia siri ya uongozi wa makampuni ya Kichina. Hao wanauza vitabu. Brashi itakufundisha kuandika mlalo.

Chai ni habari nyingine, kwa kuwa chai haikungoji. Longjing huanza kuchumwa mwishoni mwa Machi, na ile iliyochumwa kabla ya sikukuu ya Qingming, inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, ndiyo ghali kuliko zote. Ikifika mwisho wa Aprili, msimu wa chai nzuri umekwisha. Msomaji wa Kericho au Mufindi anajua kuchuma majani mawili na chipukizi, kisha kila kitu kinakwenda kiwandani kukatwakatwa na mashine na kuachwa kiwe cheusi. Kwenye vilima vya Hangzhou, kwa chai bora huchumwa chipukizi na jani moja tu, na haliachwi liwe jeusi hata kidogo. Majani hutandazwa juu ya ungo wa mianzi kwa saa kadhaa yapungue maji, kisha huingia kwenye karai la moto.

Hapo ndipo penye kuonwa. Karai siku hizi ni la umeme, lakini mkono ni ule ule, mtupu, bila glovu wala mwiko. Fundi hupaka karai mafuta kidogo, hutia konzi chache za majani, na kiganja kinaanza kuyageuza, kuyatikisa, kuyatandaza na kuyabana kwenye ukuta wa karai hadi yalale bapa. Mzunguko wa kwanza huua ubichi. Majani hupumzishwa, kisha hurudi mara ya pili kukaushwa na kung'arishwa. Kilo moja ya chai kavu hula kilo nne au tano za majani mabichi, zote zimepita kiganjani. Mgeni akiomba kujaribu, fundi mwenye busara humwachia mzunguko wa pili, moto ukiwa umepungua, na hata hivyo ncha za vidole zitakuwasha hadi usiku. Ukishaweka mkono humo huulizi tena kwa nini chai ya mkono ni ghali kuliko ya mashine.

Inanywewa kwenye bilauri ya kioo, maji ya kama nyuzi 80, majani yakielea wima, bila maziwa na bila sukari. Tusidanganyane: aliyekulia kwenye chai ya maziwa ya tangawizi ataona amepewa maji ya majani. Vumilia. Baada ya wiki chache ulimi unaanza kutofautisha, na siku moja utaikataa chai mbaya bila kuambiwa na mtu. Mezani pia utaona jambo dogo ambalo halimo kwenye barua yako ya mafunzo: mwenzako akikumiminia, unagonga meza kidogo kwa vidole viwili kumshukuru, na mazungumzo yanaendelea bila kukatizwa. Mwaka 2022 UNESCO iliziorodhesha mbinu za Wachina za kusindika chai na desturi zinazoandamana nazo. Makumbusho ya Taifa ya Chai yako huko huko vilimani, kati ya mashamba yenyewe, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia kabla hujaingia kijijini. Vijijini angalia: karai lililowekwa mlangoni kwa ajili ya watalii si lazima liwe na majani ya kilima hicho.

Mengine nitayapitia haraka. Karibu na Daraja la Gongchen, ukingoni mwa Mfereji Mkuu, majengo ya viwanda vya zamani yamegeuzwa makumbusho ya miavuli, feni za mkono, visu na mikasi, na lipo jengo ambamo mafundi hufanya kazi mbele ya wageni na kuwafundisha. Kukata karatasi kunafurahisha kwa alasiri moja, na unaitundika kazi yako dirishani siku hiyo hiyo. Mazoezi ya taijiquan hayahitaji kujiandikisha: alfajiri kando ya ziwa simama mstari wa nyuma, fuata wazee. Mfuatano wa mienendo 24 wanaoucheza wengi wao ulitungwa na mamlaka ya michezo ya serikali mwaka 1956, jambo linalowashangaza wanaodhani kila kitu pale kina umri wa miaka elfu.

Jikoni, hata hivyo, nisipite haraka. Wanagenzi wa likizo ya katikati ya mwaka mara nyingi huikuta sikukuu ya Duanwu, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda ya mwandamo, ambayo kwa kawaida huangukia Juni. Inahusishwa na Qu Yuan, mshairi wa dola ya Chu aliyejitosa katika mto Miluo, tukio ambalo kwa desturi huwekwa mwaka 278 kabla ya Kristo. Watu hushindana kwa mashua zenye vichwa vya joka, na hufunga zongzi, yaani mchele wa kunata ndani ya majani ya mwanzi. Ofisi nyingi hugawa zongzi za boksi. Baadhi huleta majani na mchele, na meza ya mikutano inageuka jiko.

Majani mawili yaliyolowekwa hupishanishwa, hukunjwa kuwa koni isiyo na tundu chini, mchele huingia, kisha kitoweo, kisha mchele tena, mkia wa majani hurudishwa juu kufunika, na uzi huzungushwa huku kidole gumba kikishikilia kona. Kona ndiyo inayosumbua. Ukilegeza, mchele unamwagikia sufuriani na wote watajua ile ni yako. Mama wa usafi au mpishi wa kantini, ambaye ofisi nzima humwita Ayi kama sisi tunavyoita mama mdogo au shangazi, kwa kawaida ndiye bingwa wa chumba, na meneja mwenye kompyuta tatu anakaa chini yake kujifunza. Mwanagenzi akae karibu na Ayi.

Kwa msomaji Mwislamu: zongzi maarufu za Jiaxing, mji jirani, ni za nyama ya nguruwe. Wengi hulijua hilo na kukimbilia zile za maharage mekundu matamu, bila kujua kwamba maharage hayo mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza. Au omba ufunge zako za mchele mtupu na tende nyekundu za Kichina, zile za sukari ya kuchovya, na hakuna atakayechukia. Ukitaka jiko ambalo huhitaji kuuliza kitu, tafuta mgahawa wa tambi za Lanzhou wenye kibao cha qingzhen, yaani halali, maandishi ambayo yataanza kukutia njaa ukiyaona kwa mbali. Wenye migahawa hiyo wengi ni Waislamu kutoka Hualong, jimbo la Qinghai, mbali sana upande wa magharibi. Pita saa tisa alasiri, wateja wakiwa wamepungua, uombe kuvuta. Donge linavutwa mikono ikitanuka, linakunjwa, linavutwa tena. Mikunjo minane inatoa nyuzi 256 kutoka donge moja. Za kwako zitakatika mapema na zitapikwa hivyo hivyo. Ijumaa kuna Msikiti wa Fenghuang, katikati ya mji, wenye asili ya karne nyingi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, ameandika pia habari za Hangzhou na Waislamu wake, akiuita mji huo al-Khansa.

Siku ya kupika usiende mikono mitupu. Beba iliki na tambi za kaanga, au jitolee kusukuma chapati. Jioni ambayo wenzako wa ofisini wanajaribu kukunja chapati na wanashindwa ndiyo jioni wanayoanza kukualika kwao.

Nimeiacha kauri mwisho kwa sababu ina deni na sisi. Longquan ilifinyanga mabakuli na sahani za kijani kwa mamia ya miaka, na shehena zake zilivuka Bahari ya Hindi. Vigae vyake vimechimbuliwa Gedi na Kilwa. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimba pamoja kuanzia mwaka 2010 na kuvikuta tena. Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyokandikwa kwenye chokaa. Babu zetu walivinunua vyombo hivyo, wakavilia, wakavitia kwenye kuta za misikiti na makaburi. Hawakuwahi kuviona vikitengenezwa. Mwanagenzi anaweza.

Kwa anayeishi Hangzhou si lazima asafiri hadi Longquan. Makumbusho ya tanuri la kifalme la Song ya Kusini, enzi ambayo Hangzhou ndiyo ilikuwa mji mkuu, yana sehemu ya wageni kufinyanga. Udongo ukiwekwa kwenye gurudumu kazi ya kwanza ni kuutuliza katikati, na ndiyo inayomaliza saa nzima. Viwiko hubanwa mbavuni, viganja huukaba, gurudumu linazunguka, na udongo unakusukuma upande kila ukilegea. Ukitulia, unaujua kwa mikono kabla ya macho. Kidole gumba hushuka katikati, ukuta unapanda, na hapo tamaa ya kuupandisha zaidi ndiyo inayouangusha.

Kijani chenyewe kinatoka kwenye chuma. Glezi, ule utandu wa kioo juu ya kauri, huwa na madini kidogo ya chuma, na bakuli likichovywa rangi yake ni ya tope tu. Katika tanuri la karibu nyuzi 1,300, fundi akibana hewa ili moto ukose oksijeni ya kutosha, chuma hicho hugeuka kijani. Akiiachia hewa, bakuli hilo hilo hutoka la manjano au hudhurungi. Mafundi wa Longquan hupaka glezi tabaka juu ya tabaka ili kijani kiwe kizito, na mbinu yao ya kuchoma ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2009. Bakuli lako litasinyaa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo lifinyange kubwa kuliko unavyotaka. Kukausha na kuchoma kunachukua wiki kadhaa, basi usilifanye wiki ya mwisho ya mafunzo, maana utaondoka likiwa bado tanurini.

Neno la vibali, kwa waliopo China kwa masomo: ukitaka kufanya mafunzo nje ya chuo, chuo kitoe idhini na ofisi ya uhamiaji iandike idhini hiyo kwenye kibali chako cha ukaazi. Darasa la brashi la Jumamosi halihitaji chochote. Kuuza ulichokiandika au kufundisha watu kwa malipo ni kazi, na kunahitaji kibali kingine.

Kwa hiyo barua ya mwaliko ikifika, itazame tarehe kabla ya posho. Anayeanza Machi ataikuta chai. Anayeanza Juni ataikosa na kuambulia zongzi. Brashi na udongo vipo mwaka mzima. Mwandikie mratibu wako mapema, umweleze kwamba unaomba mwalimu mmoja wa mtaani kwa Jumamosi zote, na kwamba nafasi yako kwenye basi anaweza kumpa mwingine.